Misa Luba ya Kamina: nani aliitunga?

Misa Luba ikitajwa, jina linalotoka kwanza ni la Padri Guido Haazen. Ni haki yake. Lakini jina moja halitoshi kueleza vile misa hiyo ilizaliwa Kamina.

Haazen alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka wa 1921, akawa padri Mfransisko. Mwezi wa tisa 1953 alifika kuwa mkubwa wa masomo ya kati ya Kamina. Wakati ule misheni nyingi zilifundisha watoto nyimbo za Ulaya, na ngoma za kijijini zilihesabiwa kuwa mambo ya kipagani. Yeye alikamata njia ingine. Alikusanya watoto kama 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15, akawaacha waimbe na kupiga ngoma sawa vile wazazi wao walivyofanya. Korali ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji wa siku zile.

Mwaka wa 1957 wakaanza kutengeneza misa. Maneno yalibaki Kilatini. Ruhusa ya kutumia lugha za watu katika misa ilikuja na Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka wa 1963. Kilichobadilika ni sauti. Kyrie ilifuata kasala, wimbo wa matanga ambao Waluba wanaujua sana. Sanctus ilichukua wimbo wa kuagana. Hosanna ikaingizwa mchezo wa Kasai. Na hakuna aliyeandika nota! Mwimbaji wa mbele anaanza, wengine wanaitikia, leo hivi, kesho vingine kidogo. Mbele alisimama mwalimu Joachim Ngoi. Padri aliita watu na kupanga kazi, lakini wimbo wenyewe ulitoka katika vinywa vya walimu na watoto, na nyuma yao kuna wazee waliolia kasala kwenye matanga muda mrefu kabla ya misheni kufika.

Iliimbwa mara ya kwanza tarehe 23 mwezi wa tatu 1958, katika misheni ya Saint-Bavon, Kamina. Mwaka uleule korali ikapita Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na disiki ikatoka kwa Philips. Mwaka wa 1968 Sanctus ikaingia katika filamu ya Uingereza iitwayo If....

Kisha misa ikaandikwa kwa nota, na leo korali za nchi za mbali zinaiimba wakishika karatasi mkononi. Ni furaha, lakini kuna kitu kilipotea: wimbo uliokuwa unageuka kila mara ukafungwa kwa namna moja, na ile nafasi ya mwimbaji wa mbele kuongeza lake ikapungua.

Haazen alikufa mwaka wa 2004. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 siku ile ya Saint-Bavon alizaliwa karibu 1949. Jina la padri limeandikwa juu ya disiki na vitabu. Ya wale watoto 45, watu wachache sana wanaweza kuyataja.