Taa Ndogo Inayookoa Betri Sita

Wanachama wenzangu, hapa Dubai kigari cha gofu si mali ya wacheza gofu tu. Ni kweli vimezoeleka Emirates Golf Club, uwanja uliofunguliwa mwaka 1988, lakini leo vinabeba wageni mahotelini na mizigo kwenye maonyesho. Wenzetu wengine wanaviendesha kwenye kibarua. Kikizimika na abiria ndani, lawama kwanza ni za dereva. Kwa hiyo taa ya kuonya kwamba chaji inaisha si urembo.

Kigari cha volti 48 mara nyingi kina betri sita za volti 8, zilizofungwa kwa mfululizo. Zikijaa na kupumzika, mita inasoma karibu 51. Ikisoma 48 na kitu, imebaki nusu hivi. Ukizidi kuzinyonya, salfeti inaganda kwenye sahani za risasi, na betri haishiki tena chaji vizuri. Joto la huku nalo linazizeesha haraka.

Taa ya kawaida haijui kuhesabu: itawaka tu, ikififia polepole. Nunua kipimo cha volti 48 chenye taa ya kuonya. Halafu fuata hivi:

1. Zima ufunguo, weka swichi ya kuvutia kigari kwenye "Tow" kama ipo, vua pete na saa, kisha fungua waya mkuu wa hasi. Usifanye kazi wakati wa kuchaji, maana betri hutoa hidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua.

2. Toka kwenye chanya ya betri ya kwanza, weka fyuzi ya ampea 1 karibu na betri, pitia swichi ndogo inayohimili volti hizo za moja kwa moja, ndipo uingie kwenye kipimo.

3. Hasi ya kipimo iende kwenye hasi ya betri ya mwisho. Usifunge kwenye bodi. Hili si gari la petroli.

4. Rudisha waya mkuu, kisha linganisha na mita.

Kosa la mafundi wengi ni kuchukua umeme kwenye betri moja au mbili tu ili taa "ipate volti zake". Hizo mbili zitachoka kabla ya wenzake. Chaja inazipitishia zote sita mkondo uleule, basi mbili zinabaki na njaa na nne zinachemka. Kama una taa ya volti 12, tumia kifaa cha kushusha volti kilichofungwa kwenye betri zote.

Ukipanda mlima taa ikamweka na kuzima, usihofu: mzigo umeshusha volti kwa muda. Ikibaki inawaka hata umesimama, rudi ukachaji.

Kigari si chako? Omba ruhusa kwanza. Na ukirudi nyumbani, hesabu ni hizohizo kwenye betri za sola za risasi kijijini.