Hoverbodi: Moto Ulipata Sheria, Vifundo vya Mikono Vikasahaulika

Kuanzia Oktoba 15, 2015, wakaguzi wa bidhaa nchini Uingereza walikuwa na kazi moja kubwa bandarini na kwenye viwanja vya ndege: kuchambua shehena za hoverbodi, zile skuta za magurudumu mawili zinazojisawazisha zenyewe, ambazo kila mtoto alizitaka kwa Krismasi. Hadi mapema Desemba walikuwa wamekagua zaidi ya 17,000. Zaidi ya 15,000 kati ya hizo, yaani asilimia 88, zilizuiliwa. Nyingine zilikuwa na plagi zisizo na fyuzi. Nyingine chaja zake, nyaya zake au swichi ya kukata umeme betri ikishajaa hazikuaminika.

Swichi hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Ukifungua tumbo la hoverbodi ya kawaida unakuta kifurushi cha seli 20 za lithiamu zilizofungwa pamoja, kila moja kubwa kidogo kuliko betri ya tochi ndogo. Kwa jumla zinatoa volti 36 na kubeba nishati ya saa-wati 158 hivi, takriban mara kumi ya iliyomo kwenye simu yako. Umeme huo unaendesha mota mbili, moja katika kila gurudumu, huku vihisi vikipima mwinamo wa miguu mara nyingi kwa sekunde ili mpandaji asianguke.

Ndani ya kila seli, pande chanya na hasi zimetenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliolowa kimiminika kinachoshika moto kirahisi. Kiwanda kizembe kikiacha chembe ya chuma humo, au seli ikiendelea kuchajiwa baada ya kujaa, utando unaweza kutoboka. Pande mbili zikigusana, joto hupanda. Likifika nyuzi 130 hivi, utando wenyewe huyeyuka, na kuanzia hapo kemikali hazihitaji tena umeme kutoka nje: zinazalisha joto zenyewe. Kimiminika hugeuka gesi, seli hupasuka, na jirani yake hufuata. Moshi wake una haidrojeni floridi, sumu inayochoma mapafu. Chaja ukiichomoa wakati huo, umechelewa.

Marekani ilipata somo hilo kwa gharama. Kati ya Desemba 1, 2015 na Februari 17, 2016, tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, ilipokea taarifa za moto kutoka kwa watu 52 katika majimbo 24. Mali ya zaidi ya dola milioni 2 iliteketea, zikiwemo nyumba mbili na gari. Februari 18 tume iliwaandikia watengenezaji, waagizaji na wauzaji: hoverbodi isiyotimiza kiwango cha usalama cha UL 2272 inaweza kukamatwa au kuondolewa sokoni. Uzuri wa kiwango hicho, kwa maoni yangu, ni kwamba hakipimi betri peke yake. Kinapima betri, chaja na saketi zikifanya kazi pamoja, maana betri nzuri kwenye chaja mbovu bado ni hatari. Julai 2016 kampuni kumi ziliita hoverbodi zaidi ya 501,000 zirudishwe, baada ya taarifa zisizopungua 99 za kupata joto kupita kiasi, kutoa cheche au kuwaka.

Hata hivyo, nyingi zilizokwisha kununuliwa zilibaki majumbani. Machi 2017, huko Harrisburg, Pennsylvania, hoverbodi iliyokuwa ikichajiwa ilizusha moto uliowaua watoto wawili wa kike.

Nchi nyingine nazo zilichukua hatua. Australia ilipiga marufuku kwa muda hoverbodi zisizokidhi viwango, Machi 2016. Mashirika makubwa ya ndege nayo yalishazikataa mwishoni mwa 2015. Uingereza haikuhitaji hata kutunga sheria mpya ili kuziondoa kwenye njia za waenda kwa miguu. Ilitumia sheria ya barabara ya mwaka 1835, iliyoandikwa enzi za punda na magari ya farasi, na bado inafanya kazi.

Ila kuna jambo ambalo sheria hizi nyingi zimeligusa juu juu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Pediatrics ulikadiria kuwa watoto karibu 27,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya Marekani mwaka 2015 na 2016 kwa majeraha ya hoverbodi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 11, na sehemu iliyojeruhiwa mara nyingi zaidi ilikuwa kifundo cha mkono, kwa sababu anayeanguka hutanguliza mikono. California ilijaribu: tangu Januari 2016, anayepanda hadharani lazima awe na miaka 16 au zaidi na avae helmeti. Kwingineko moto ndio uliotisha zaidi, ingawa mianguko ndiyo iliyojaza hospitali.

Basi mzazi, kabla ya kununua, dai alama ya UL 2272 kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi tu. Nunua na helmeti na vikinga vya vifundo vya mikono siku hiyohiyo. Tumia chaja iliyokuja nayo, chaji ukiwa macho, mbali na kitanda na mlango wa kutokea, na usiichaji ikiwa imevimba au imelowa. Ikianza kutoa moshi, usiibebe: toa watu nje, funga mlango, piga simu zimamoto.