Boila haisukumi maji: namna tulivyopata dushi ya moto kwetu Kindu



Wengi wenu munajua nyumba yetu ya Kasuku, ile ya zamani ya matofali, munamokuja kunywa chai kisha mikutano. Bafuni mwake kulikuwa boila ya umeme ya litre 80, imetundikwa ukutani tangu siku nyingi sana. Mimi nilisoma uchumi, siko fundi. Lakini mwaka uliopita nililazimishwa kujifunza mambo ya boila, tuyo na robine, na nilifanya makosa karibu yote. Ninaandika ili ninyi musiyarudie.

Jambo lilianza na Mama. Alipata kiharusi, mkono na mguu wa kuume vikapungukiwa nguvu. Hawezi tena kuinama juu ya beseni na kujimwagia maji kwa kikopo. Anachoweza ni kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya dushi, na maji ya baridi yanamuumiza viungo. Lakini boila ilikuwa imekufa, na dushi ilikuwa inadondosha tu kama paa linalovuja. Basi kila jioni tulichemsha maji kwenye mbabula, tukayabeba mpaka bafuni. Usiku mmoja binti yangu wa miaka kumi aliteleza na sufuria mikononi. Maji mengi yaliangukia sakafu, machache yakamuunguza mguu. Alipona kisha wiki moja. Mimi usiku ule sikulala.

Asubuhi nikachukua pesa tuliyoweka akiba, nikamwita fundi, nikamwambia: "Twende tununue boila mpya."

Akaniangalia, akacheka kidogo. "Papa, mbele ya kutosha franga, uniambie: mayi ya baridi iko na nguvu?"

"Hapana, hata ya baridi haina nguvu."

"Sasa boila itafanya nini? Boila haisukume mayi. Inachemsha tu."

Neno hilo ndilo liliniokoa.

1. Boila inafanya kazi namna gani

Boila ya umeme ni tanki iliyofungwa, iliyofunikwa na kitu cha kuzuia joto. Maji ya baridi yanaingia chini, ya moto yanatokea juu. Ndani kuna rezistansi ya kuchemsha na termostati ya kuizima maji yakifika kwenye kipimo. Hakuna pompi ndani. Ukifungua robine ya moto, ni maji ya baridi yanayoingia ndiyo yanasukuma yale ya moto yatoke. Kama baridi inaingia polepole, moto pia utatoka polepole, hata ukinunua boila ya bei gani.

Kumbe boila yetu pia haikufa kwa uzee. Haikuwa na klape, ile valvu inayozuia maji yasirudi nyuma. Maji yakikatika, tuyo inabaki tupu. Mtu akifungua robine ya moto kwa kujaribu, hewa inaingia juu, na maji ya boila yanarudi chini kwa njia ile ile yaliyoingilia. Tanki inabaki karibu tupu. Kisha umeme unawaka, rezistansi inachemka bila maji, inaungua. Kwa miji yetu ambamo maji na umeme havifiki pamoja, klape ni kitu kidogo cha bei ndogo kinacholinda kitu cha bei kubwa.

2. Pima kwanza, ununue nyuma

Fundi alichukua ndoo ya litre 10, mimi nikashika simu na kupima wakati. Jioni, kwa dushi yetu, ndoo ilijaa kwa dakika 4 na nusu. Ni litre 2 na kidogo kwa dakika. Asubuhi ilijaa mbio zaidi. Juu ya nini?

Kwetu maji ya mji yanajaza tanki ya litre 500 yakifika, na nyumba inatumia ya tanki. Nguvu ya maji yanayoshuka inatoka kwenye kimo tu: kutoka uso wa maji ndani ya tanki mpaka kichwa cha dushi. Kila metre 10 za kimo zinatoa bari 1. Metre 1 inatoa bari 0,1. Chini ya tanki yetu ilikuwa kwenye metre 2,5, na kichwa cha dushi kwenye metre 2,1. Tanki ikijaa, maji yake yana kimo cha metre 1, basi jumla ni metre 1,4. Jioni tumekwisha kutumia maji, inabaki sentimetre 40 tu. Hiyo ndiyo siri ya asubuhi na jioni.

Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Nilikuwa nafikiri kununua tanki ya litre 1000 ili "maji yapate uzito". Hapana. Tanki kubwa na tanki ndogo, kama uso wa maji uko kimo kimoja, nguvu ni moja. Ukubwa unakupa siku nyingi za maji, haukupi nguvu.

3. Tuyo

Jambo la pili lilikuwa tuyo. Fundi alikata kipande cha tuyo ya chuma ya zamani akanionyesha. Nje ilikuwa nzima. Ndani, kutu ilikuwa imeacha tundu ambalo kidole changu kidogo hakiingii. Mtu anaweza kusema: tundu limepungua nusu, basi maji yamepungua nusu. Si hivyo. Upana wa tuyo ukipungua nusu, maji yanayopita kwa nguvu ile ile yanabaki karibu sehemu moja kwa sita. Ndiyo maana tuyo kidogo tu yenye kutu inaua dushi nzima.

Tulibadilisha tuyo yote kutoka tanki mpaka bafuni: plastiki, na pana kuliko ya kwanza, tukaipunguza tu kwenye metre ya mwisho. Kona tulizipunguza. Tukahakikisha tuyo inashuka tu, bila kupanda na kushuka tena, kwa sababu mahali inapopanda hewa inajificha na kuzuia maji. Kichwa cha dushi tulikilaza usiku mzima ndani ya maji ya ndimu, kikatoa mchanga na uchafu. Na kile kichwa kipana cha kupendeza nilichokuwa nimekitamani dukani, fundi alinikataza. Vile vinataka maji yenye nguvu ya mji mkubwa. Kwa maji ya tanki vinalia machozi tu.

Tukapima tena, jioni, tanki ikiwa kwenye kimo kile kile. Ndoo: dakika 2 na sekunde 10. Nguvu imezidi mara mbili, na hatujagusa boila.

4. Kupandisha tanki

Kisha tukapandisha tanki. Ya zamani ilikuwa juu ya miti, na mchwa ulikwisha kuanza kuila. Wandugu, litre 500 za maji ni kilo 500. Hiyo ni kama watu wanane wazito wamesimama juu ya meza moja, usiku na mchana, mahali watoto wanapochezea. Tulijenga nguzo za matofali zenye feraye ndani na msingi mzuri, na dala ya betoni juu. Chini ya tanki sasa iko metre 4,5. Hata tanki ikikaribia kwisha, kunabaki metre 2,4 juu ya dushi. Ndoo inajaa kwa dakika 1 na robo, yaani litre 8 kwa dakika. Kwa dushi, litre 5 ao 6 zinatosha.

Kama huna nafasi ya kujenga juu, kuko pompi ndogo za panno ya jua. Lakini uiweke kisha tanki yako, isiwe kwenye tuyo ya mji. Kuna watu wanafunga pompi moja kwa moja kwenye tuyo ya barabara. Ni kumnyang'anya jirani maji yake, tena ni hatari: pompi ikivuta kwa nguvu, mahali tuyo imepasuka inaingiza maji machafu ya mufereji. Utakunywa ulichovuta.

5. Sasa boila gani?

Hapo tu ndipo tulianza kuchagua. Nilichora hesabu kwenye karatasi. Kwetu maji ya tanki yana kama digri 25. Kwa kuoga, digri 45 ni moto wa kutosha kuchanganya na baridi. Kupandisha litre 50 kwa digri 20 kunataka karibu kWh 1,2. Hesabu hiyo haibadiliki, iwe kwa umeme, gazi, makala ao jua. Inayobadilika ni mahali moto unatoka.

Boila mpya ya umeme. Ya wati 1500 inachemsha litre 50 hizo kwa dakika karibu 47. Ni nzuri kwa mwenye umeme wa kila siku. Kwetu umeme unakuja kwa saa chache. Nikafikiri panno na batri yetu ya nyumbani. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 ina kWh 1,2 ikijaa: yaani kuoga mara moja kungeimaliza yote, na batri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu. Tungebaki gizani.

Dushi ya umeme inayochemsha papo hapo. Inavutia kwa sababu ni ndogo na bei si mbaya. Lakini ya wati 5500 inavuta ampere 25 kwa volti 220. Waya za nyumba za zamani zitaungua, na bila waya wa ardhi kuna hatari ya kifo, mtu akiwa uchi na mwenye maji.

Ya gazi. Inachemsha vizuri, lakini nyingi zinadai nguvu ya maji ambayo tanki haitoi. Chupa za gazi zinatufikia kutoka mbali. Na lililonitisha zaidi: moto wa gazi, kama ule wa makala, ndani ya bafu ndogo iliyofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia, haamki. Kama unaweka ya gazi, iwe nje, penye hewa. Na mbabula usiingize bafuni hata siku moja.

Fito juu ya moto, nje. Wengine wanafunga fito ya chuma juu ya kuni na kuunganisha tuyo. Inafanya kazi, lakini isifungwe kabisa hata kidogo: lazima iwe na tuyo wazi ya kutolea mvuke, ama sivyo inaweza kupasuka kama bomu. Na kila siku ununue makala.

Jua. Tuko karibu na digri 3 kusini ya ikweta. Metre mraba moja ya ardhi yetu inapokea jua la kama kWh 4 mpaka 5 kwa siku. Hata ukishika karibu nusu tu ya hiyo, kama kWh 2, inatosha kuchemsha litre 80 hivi. Bure.

6. Tulichofanya

Fundi ndiye alisema: "Papa, boila ya zamani rezistansi ndiyo imekufa, tanki ni nzima. Juu ya nini kuitupa?"

Tuliitoa ukutani, tukaondoa bati la nje na povu la kuzuia joto. (Angalieni: kama boila yenu ya zamani imefunikwa na nyuzinyuzi za kijivu, inaweza kuwa amianti, inayoharibu mapafu. Musiiguse.) Tuliijaza maji kwa siku mbili kuona kama inavuja. Tukaipaka rangi nyeusi, tukailaza ndani ya kisanduku cha mbao chenye bati la kung'aa ndani na kioo juu, kwenye dala, pembeni ya tanki na chini kidogo ya maji yake. Maji ya baridi yanatoka tanki, yanapita kwa klape, yanaingia chini ya boila. Ya moto yanatokea juu na kushuka bafuni. Juu ya boila tuliacha tuyo ndogo wazi, inayopanda kupita uso wa maji ya tanki, ili mvuke usifungwe ndani.

Faida moja sikuitazamia: sasa baridi na moto vinatoka tanki moja, kwa nguvu karibu sawa. Mbele, baridi ingeweza kukatika na moto kubaki peke yake. Kwa mtu kama Mama, ambaye hawezi kuruka pembeni, hilo ni jambo kubwa. Maji ya digri 60 yanaunguza vibaya kwa sekunde chache, na ngozi ya mzee ao ya mtoto inaungua mbio zaidi. Siku za jua kali boila yetu inachemka sana, basi sheria ya nyumba ni moja: fungua baridi kwanza, kisha moto, ujaribu kwa kiwiko.

Si kila kitu ni kizuri. Usiku maji yanapoa. Asubuhi ni vuguvugu tu. Mama alibadilisha saa: anaoga saa kumi za jioni. Siku za mvua ya mfululizo tunarudi kwenye mbabula, lakini sufuria inabebwa na mtu mzima tu.

Pesa kubwa ilikwenda kwenye nguzo na tuyo. Boila yenyewe ilitudai rangi, mbao, kioo na klape. Kama ningenunua boila mpya siku ile ya kwanza, ningekuwa na kitu kipya kinachong'aa ukutani, na maji yale yale ya kudondoka.

Juma lililopita Mama alikaa chini ya dushi muda murefu mpaka bibi yangu akagonga mulango: "Mama, uko muzima?"

Akajibu kutoka ndani: "Niko muzima. Muniache kwanza."