Moshi wa Tanuru la Shaba

Mtu akikaribia mji wa Lubumbashi, huona kwa mbali bomba la moshi lenye urefu wa meta 153. Katika kiwanda kile walianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kwa nini walijenga bomba refu namna hii?

Mawe mengi ya shaba yana salfa ndani yake. Salfa ikiungua, inageuka hewa kali isiyoonekana, inayochoma macho na kukohoza watu. Ikikutana na mvua inakuwa asidi, na majani ya miti hukauka. Bomba refu linapeleka moshi juu, mbali na wafanyakazi. Lakini haliondoi sumu! Huko Lubumbashi upepo huvuma mara nyingi kutoka kusini-mashariki. Basi miti ilikufa upande wa kaskazini-magharibi, na vumbi la shaba likaharibu udongo.

Huko Marekani, mahali paitwapo Ducktown, katika jimbo la Tennessee, waliona mambo hayo hayo. Moshi uliua msitu, wakajenga mabomba marefu zaidi. Moshi ukavuka mpaka, ukaingia jimbo la jirani, Georgia. Watu wa Georgia wakashitaki, na mwaka 1907 mahakama kuu ya nchi ikawapa haki. Ndipo wenye viwanda walipoanza kukamata salfa. Baadaye asidi yao iliwaletea faida kuliko shaba yenyewe.

Moshi hukamatwaje? Kwanza vumbi. Sugua kichana cha plastiki katika nywele, kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi: vitarukia kichana. Ndivyo vumbi linavyovutwa na mabamba makubwa ya chuma yenye nguvu ya umeme. Wanalikung'uta na kulirudisha katika tanuru, maana lina shaba bado.

Halafu ile hewa ya salfa. Wanaisafisha sana, wanaipitisha katika dawa inayoigeuza, kisha inanywewa na asidi yenye maji kidogo. Tani 1 ya salfa hutoa karibu tani 3 za asidi. Hiyo si kitu cha kuchezea. Inaunguza nguo na ngozi mara moja. Lakini huko Kolwezi na Likasi wanaihitaji sana: hulowesha nayo mawe ya kijani, yale yasiyo na salfa, na shaba yao inatoka bila tanuru.