Kiziwi na Mtandao wa Kasi

Wilaya ya Ngara wengi huihesabu kuwa pembe ya nchi, lakini katika habari za mawasiliano ni mlango. Mkongo wa Taifa, yaani ule waya wa nyuzi za kioo upitishao habari kwa mwanga, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, wafika Rusumo kuelekea Rwanda na Kabanga kuelekea Burundi. Mipaka yote miwili imo Ngara, na kata ya Murukulazo imo wilaya hiyo hiyo. Basi mtoto kiziwi wa Murukulazo ana fungu gani katika waya huo?

Fungu lake lapasa kuwa kubwa kuliko la mwenzake asikiaye. Mwenye kusikia akiwa shule ya bweni humpigia mamaye simu ya kawaida, wakasemezana. Kiziwi hupelekwa mbali zaidi, maana shule zake ni chache: ya kwanza nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na katika mkoa wa Kagera viziwi hufundishwa Mugeza, karibu na Bukoba. Huko hupata Lugha ya Alama, lakini simu ya sauti haimfai kitu. Kauli yake ni mikono na uso, navyo havina budi kuonekana. Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, lilieleza mwaka 1999 ya kuwa mazungumzo ya alama yataka picha zipatazo 20 au zaidi kila sekunde. Zikishuka chini ya 12, kufahamiana huwa kwa taabu. Kwa hiyo mtandao wa polepole, ambao kwetu ni udhia tu, kwake ni kama kuzibwa kinywa katikati ya neno.

Wala asiseme mtu kwamba alama ni mchezo wa watoto. Wanazuoni wa fiqhi walikwisha kukubali tangu zamani ya kuwa ishara ya bubu ifahamikayo hushika mahali pa tamko, na Majalla, sheria za Dola ya Uthmaniya za karne ya 19, ikaiandika kuwa kanuni.

Lakini waya kupita barabarani si kufika darasani. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya mahali kama hapa, na viongozi wa kata wana haki ya kuuandikia. Hata hivyo, kompyuta zikiletwa zikafungiwa kabatini ni hasara. Mtoto kiziwi afundishwe kwa kushika mwenyewe. Hawezi kutazama kioo cha kompyuta na mikono ya mwalimu kwa wakati mmoja. Basi mwalimu aonyeshe, anyamaze mikono, amwache mtoto ajaribu, ndipo aendelee. Wakae nusu duara, wote waonane, na mwalimu asisimame mbele ya dirisha, maana mwanga ukiwa nyuma yake uso huwa kivuli. Tena maandishi ya Kiswahili kwa wengi wao ni lugha ya pili, na Kiingereza cha kwenye mitambo ni ya tatu. Saa moja ya kufungua, kukosea na kufungua tena yazidi kurasa kumi za maelezo ubaoni.

Wazazi huogopa machafu yaliyomo mtandaoni, na hofu hiyo ina msingi. Ila atamwonyaje mwanawe yule asiyejua hata alama moja ya kumwonya? Nyumba nyingi zina alama za kula, kulala na kuja, basi. Kwa hiyo siku ya mafunzo waitwe na akina mama na akina baba, wakae kando ya watoto wao, wajifunze alama na simu ya picha pamoja. Mtoto arudipo Mugeza, jioni ya kwanza amwite mamaye Murukulazo, naye mama awe na mikono ya kumjibu.