Sura ya 6: Magonjwa ya Zinaa Ndani na Nje ya Lango la Gereza

Chukua kijana wa Suguti aliyekamatwa ziwani akivua kwa kokoro. Akikosa dhamana atawekwa mahabusu, pengine miezi, kesi ikiahirishwa. Huenda aliingia na kaswende bila kujua: kidonda cha kwanza hakiumi, na baada ya wiki 3 hadi 6 hupotea chenyewe huku vijidudu vikibaki mwilini. Siku moja ataachiwa, atarudi kwa mkewe. Ndiyo maana tunakosea tunapoyaita magonjwa ya zinaa gerezani shida ya wafungwa.

Kanda ya Ziwa ina somo lake. Kuanzia 1991, mkoani Mwanza, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya katika jamii 6 walifundishwa kutibu magonjwa haya kwa kufuata dalili anazozieleza mgonjwa, na dawa hazikukatika. Jamii nyingine 6 zilitumika kulinganisha. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU kwenye jamii zilizohudumiwa yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Kidonda na usaha sehemu za siri huirahisishia VVU njia ya kuingia. Ukivitibu, unaibana njia hiyo.

Lakini matibabu ya aina hiyo yanamtegemea mgonjwa aseme, na gerezani kusema kuna gharama kubwa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa wanaume wanaoingiliana. Mfungwa anayetokwa na usaha njia ya haja kubwa atamwambia nani? Hata aliyebakwa na wenzake usiku anaogopa kwamba akimweleza mganga wa gereza atajifungulia kesi ya pili. Ananyamaza. Na dawa za kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Simlaumu anayenyamaza, nawalaumu waliofanya ukimya uwe ndiyo salama yake.

Kwa hiyo kipimo kisingoje dalili wala maungamo. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka kila anayeingia gerezani aonwe mapema na mtaalamu wa afya, na atibiwe sawasawa na mtu wa uraiani. Kipimo cha haraka cha kaswende kinataka tone la damu ya kidole. Kaswende changa huponywa kwa sindano ya penisilini ya benzathini. Homa ya ini aina B ina chanjo. Kuhusu kondomu, Afrika Kusini ilianza kuzitoa magerezani mwaka 1996, na naona nasi tunapaswa kuzitoa.

Nawe msomaji, mumeo, mkeo au mwenzako akitoka gerezani, msianze kwa kuulizana yaliyotokea ndani. Nendeni wote wawili zahanati, mpime kaswende na VVU, na akikutwa mmoja na kaswende mtibiwe wote pamoja.