Yai la poshe: kikombe cha silikoni kinafaa juu ya mbabula?

Kwenye video za mapishi zinazozunguka kwenye simu, vikombe vidogo vya silikoni vinaonekana mara kwa mara. Ni laini kama kauchu, vina rangi za kuvutia, na kazi yake ni moja: kupika yai lisilo na ganda bila kulitupa moja kwa moja ndani ya maji. Lakini Goma na Bukavu, ambako familia nyingi zinapika kwa makala, kifaa hicho kinaleta faida gani kuliko sufuria na kijiko?

Yai la poshe ni yai linalovunjwa na kupikwa ndani ya maji ya moto, bila ganda na bila mafuta. Jina linatokana na neno la Kifaransa poche, maana yake mfuko, kwa sababu ute mweupe unafunga kiini kama mfuko. Ute unaanza kuganda karibu digrii 60. Kiini kinaanza kuwa kizito karibu digrii 65, na kinashikana kikifika karibu 70. Kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka kwa nguvu. Yakiruka sana, yanapasua yai.

Kosa si la mkono

Wengi waliojaribu njia ya zamani wanalalamika kwamba ute unatawanyika na kugeuza maji kuwa povu jeupe. Mara nyingi sababu ni umri wa yai. Yai lililotagwa juzi lina ute mzito unaokumbatia kiini. Siku zinavyopita, hewa ya kaboni inatoka kupitia vitundu vidogo vya ganda, na ute huo unakuwa mwepesi kama maji.

Jambo hilo linatugusa. Mayai mengi yanayouzwa katika miji hii miwili yanatoka ngambo ya mpaka, Rwanda na Uganda. Yanasafiri barabarani, yanapita kwa wauzaji wa jumla, kisha yanakaa sokoni bila friji. Anayenunua plato ya mayai 30 hajui yametagwa lini.

Kuna njia rahisi ya kuyapima: weka yai ndani ya bakuli la maji baridi. Likilala chini, bado ni bichi. Likisimama, limekaa siku nyingi, na afadhali lichemshwe na ganda lake. Likielea, usilitie chunguni.

Kwa yai lenye ute mwepesi, wapishi wana mbinu nyingine. Linavunjwa juu ya chujio au kijiko chenye matundu, ute wa majimaji unaanguka, na sehemu nzito inabaki. Mwandishi wa Marekani Harold McGee, anayejulikana kwa vitabu vyake vya sayansi ya jikoni, ni mmoja wa walioieneza. Ute uliochujwa usitupwe, unaweza kuingia ndani ya omleti. Vinegre kidogo ndani ya maji inasaidia pia, kwa sababu uchachu unafanya ute ugande haraka.

Silikoni inafanya nini

Kikombe cha silikoni kinaondoa taabu hiyo. Yai haligusi maji, kwa hiyo hata ute mwepesi haupotei. Kwa familia inayohesabu kila yai, hiyo ni faida ya kweli. Kwa kweli yai hilo halijapikwa poshe, limepikwa kwa mvuke, na linatoka na umbo la kikombe.

Shida ya kwanza ni muda. Silikoni haipitishi joto haraka. Ndani ya maji yai linaiva kwa dakika 3 au 4, lakini ndani ya kikombe linaweza kuchukua karibu mara mbili, na sufuria lazima ifunikwe. Dakika hizo zinalipwa kwa makala.

Shida ya pili ni milima yetu. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1.500 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji yanachemka karibu digrii 95, si 100. Maagizo yaliyoandikwa kwa wapishi wa Brussels au Paris yanahitaji kuongezewa dakika moja au zaidi.

Shida ya tatu ni moto wenyewe. Silikoni nzuri ya jikoni inavumilia joto la digrii 200 bila kuharibika, lakini haivumilii kuguswa na moto. Juu ya mbabula, ndimi za moto zinapanda pembeni mwa sufuria, na kikombe kinachotokeza nje kinaweza kuungua.

Asiye na kikombe hicho hapotezi kitu. Kikombe cha chuma kilichopakwa mafuta kidogo kinafanya kazi ileile, tena haraka zaidi. Ila usifunge yai ndani ya sashe ya sokoni na kulichemsha: sashe hizo hazikutengenezwa kwa joto la maji yanayochemka.

Kuna pia njia isiyohitaji kifaa chochote. Kaanga nyanya na kitunguu, ongeza maji kidogo mpaka upate mchuzi mzito, tengeneza shimo kwa kijiko, vunjia yai humo na ufunike. Mchuzi unashika ute usitawanyike, na makala yaleyale yamepika mboga na yai pamoja.

Kiini kisibaki maji

Video nyingi zinasifu kiini kinachomwagika kwenye sahani. Hapo tuwe waangalifu. Yai linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, juu ya ganda au hata ndani, na kipimo cha bakuli la maji hakivionyeshi. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri chakula kifikie digrii 70 hadi ndani. Kwa watoto wadogo, wamama wenye mimba, wazee na wagonjwa, acha yai motoni mpaka kiini kishikane kabisa, iwe ndani ya silikoni, chuma au mchuzi wa nyanya.